Maziwa Mawili ya Mtoto wa Mpala

Kiswahili kimeviita vitu viwili kwa jina moja: ziwa la mama na ziwa la samaki. Mtoto anayezaliwa Mpala, kusini mwa Kalemie, pale mto Lufuko unapoingia ziwa Tanganyika, hulelewa na yote mawili. La kwanza liko tayari tangu anapozaliwa. Ni safi, lina joto lake, na halidai kuongezewa kitu. La pili lina samaki, lina maji ya kupikia na kufulia, lina upepo, na lina kipindupindu. Kwa hiyo kazi ya mzazi katika miaka miwili ya mwanzo naiona hivi: la kwanza mwachie mtoto lote, la pili lichuje kabla halijamfikia.

Ninayoyaandika hapa hayahitaji duka kubwa. Yanahitaji mikono ya watu wa nyumba moja wanaosaidiana, nayo nimeyapanga kwa kufuata umri wa mtoto.

Saa ya kwanza

Mtoto akishalia na kukaushwa, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe kitenge kimoja. Anyonye kabla saa moja haijapita. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yasikamuliwe na kumwagwa. Ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya maradhi. Asipewe maji ya sukari wala dawa ya mizizi ya kusafisha tumbo. Kumwogesha kungoje hadi siku ya pili, kwa kuwa mtoto mchanga hupoteza joto upesi.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi, nepi ikunjwe chini yake. Usipake majivu, mawese wala unga. Kikianza kunuka, kutoa usaha au ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Aliyezaliwa mdogo sana abebwe mbele, kifuani, mchana na usiku, akiwa amevaa kofia na nepi tu ndani ya nguo ya mama. Njia hii ilianzia hospitalini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo mashine za kuwapasha watoto joto hazikutosha. Wakunga huifundisha, waombe wakuonyeshe namna ya kufunga kitenge ili pua yake ibaki wazi. Mama akichoka, baba au kambo, yaani bibi au babu, ampokee kifuani kwa namna ile ile.

Miezi sita ya ziwa moja

Mpaka atimize miezi sita, mtoto asipewe kingine chochote, hata maji. Najua neno litakalosemwa mwezi wa Oktoba, joto likizidi: mtoto ana kiu. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo akinyonya anakunywa. Ukimpa kikombe cha maji unajaza tumbo lake dogo kwa kitu kisicho na nguvu, ananyonya kidogo, na maziwa nayo hupungua, maana ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa.

Mpe kila anapotaka, mara nane hadi kumi na mbili kwa mchana na usiku. Usingoje kilio; mtoto anayegeuza kichwa, anayetoa ulimi na kula ngumi yake ameshaomba. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na kilo zake zinapanda, anashiba.

Mama anayekwenda shamba au kuanika ndagala, yaani dagaa, ufukweni aende na mtoto ikiwezekana. Isipowezekana, akamue maziwa ndani ya kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto, akifunike, na kisikae zaidi ya saa nne. Anayebaki amnyweshe kwa kikombe, taratibu. Chupa ya chuchu ni ngumu kusafishika na huhifadhi uchafu.

Na anayenyonyesha naye anyonyeshwe na nyumba yake. Samaki mzuri wa siku asiishie kwenye sahani ya baba peke yake. Bidoni za maji na mzigo wa kuni zipate mgongo mwingine.

Kulichuja ziwa la pili

Kalemie na vijiji vya ufukwe vinakijua kipindupindu. Kinaondoka na kurudi. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo ulichoelekezwa na wahudumu wa afya. Yakae kwenye bidoni yenye mdomo mwembamba na kifuniko, yamiminwe. Kikombe kinachochovywa ndani ya ndoo huingia pamoja na vidole vilivyokishika.

Nawa kwa sabuni, na sabuni ikikosekana tumia jivu, katika nyakati nne: ukitoka chooni, ukimaliza kumfuta mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kumlisha. Mavi ya mtoto mchanga nayo yatupwe chooni. Wengi huyaona kama hayana madhara na nepi husuuzwa pale pale panapochotwa maji; yana vijidudu sawa na ya mtu mzima.

Akianza kutambaa, maji yenyewe huwa hatari nyingine. Mtoto wa mwaka mmoja huzama ndani ya beseni, na huzama kimya, bila kupiga kelele. Beseni limwagwe baada ya kufua. Ufukweni awe mahali mkono wa mtu mzima unapomfikia. Dada yake wa miaka saba ni msaidizi mzuri wa kumchezesha nyumbani, lakini si mlinzi wa ziwani.

Bakuli lake

Miezi sita ikitimia, ziwa la samaki sasa linaingia mdomoni, likiwa limepikwa. Uji wa muhogo mtupu hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Ujenge hivi:

Chagua ndagala wakavu, ondoa vichwa, waoshe mpaka mchanga uishe, waanike tena au wakaange bila mafuta, kisha watwange na uchekeche upate unga laini. Pika uji wa mahindi. Ukikaribia kuiva, tia kijiko kikubwa cha unga wa ndagala kwa kikombe kimoja cha uji, pamoja na kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Acha vichemke. Mwisho, ukiepua, ongeza kijiko kidogo cha mawese mekundu. Wekundu wake ndio unaompa mtoto vitamini A ya macho na kinga, kwa hiyo usiyachome mpaka yakawa meupe. Uji uwe mzito, wa kubaki kwenye kijiko.

Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa mpe mara tatu au nne, na katikati papai, embe au ndizi iliyopondwa. Ongeza maharage yaliyosagwa, yai, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa na kuiva sawasawa. Bukari, yaani ugali wa muhogo, itokane na mihogo iliyolowekwa siku tatu au zaidi na kukauka vizuri juani, kwa sababu muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu. Karanga nzima na samaki mwenye miiba visimfikie.

Mpe sahani yake peke yake. Kwenye sahani ya pamoja mwenye mkono mdogo hushindwa. Kaa mbele yake, mtazame, msifu, usimlazimishe; akigeuza uso pumzika kidogo, jaribu tena.

Na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au kupita. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi nchi inayoitwa sasa Ghana, aliandika jina ambalo akina mama wa huko walilitumia tayari: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mwingine amekuja. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, mtoto hununa na hacheki. Kupanga uzazi ni kumlinda aliyeko. Waulizeni wauguzi njia inayowafaa mkiwa wawili.

Mbalamwezi ni zamu ya baba

Wavuvi wa ndagala hufuata giza, kwani taa ndiyo inayowavuta samaki. Mwezi ukijaa, mitumbwi hupumzika. Basi siku hizo kila mwezi ziwe za baba na mtoto: ampeleke kupimwa kilo, akague chandarua na kushona kilipochanika, amwogeshe, ambebe kijijini. Chandarua kilichotiwa dawa ni cha kulalia kila usiku, mvua na kiangazi. Kikienda kuvua au kuanika samaki, malaria inabaki na mtoto.

Baba aongee naye hata kabla hajajua neno. Mtoto akisema "aa", mjibu "aa", ngoja, atajibu tena. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza. Mtajie mnachokiona njiani: kasia, kuku, mvua. Mpe kifuniko cha sufuria agonge. Akifikia umri wa kukataa kila kitu, usimpige. Mwondoe kwenye mbabula yenye makala, mwambie kwa ufupi "moto, unaunguza", mpe kitu kingine. Mtoto wa mwaka na nusu hakudharau, anajifunza.

Kilo na sindano

Anapozaliwa apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Arudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 kwa surua na homa ya manjano. Baada ya miezi sita, vitamini A hutolewa kila miezi sita. Kadi yake ihifadhiwe pamoja na vitambulisho, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mpimaji akizungusha utepe wa rangi mkononi mwa mtoto, kijani ni heri, njano ni onyo, nyekundu ni kwenda kutibiwa leo.

Akiugua

Akihara, aendelee kunyonya na kula. Aliyevuka miezi sita mpe pakiti ya chumvi za kunywa iliyokorogwa ndani ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ikikosekana, lita hiyo itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa. Mpe kidogo kidogo kila baada ya kuhara. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea polepole. Omba vidonge vya zinki kituoni. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye zaidi na apelekwe kituoni.

Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akikohoa, mwinulie nguo akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka, 40 kwa aliyevuka mwaka, ni haraka mno.

Na kuna dalili nne zisizongoja mashauri ya ukoo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Waliosema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako walijua. Hapa Mpala safari ya matibabu makubwa inaweza kuwa ya mashua, na kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huweza kuifunga njia. Kwa hiyo pangeni mapema, mtoto akiwa mzima: akiba kidogo ya nauli, jina la mwenye mashua, na nani atabaki na wengine. Mama awe na ruhusa ya kuondoka hata kama baba yuko majini.

Fanyeni hivyo, na siku itafika ambapo mtoto ataachia titi mwenyewe, aende kwenye sahani yake, achukue samaki kwa vidole vyake. Atakuwa ametoka ziwa moja na kuingia jingine, nanyi mtakuwa mmemvusha.