Gereza Kuu la Bunia: Ni Akina Nani Walio Ndani?

Gereza Kuu la Bunia, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilijengwa kwa ajili ya watu 220. Kwa miaka mingi sasa limekuwa likibeba zaidi ya 1,000. Ukisikia hesabu hiyo redioni, usikimbilie kusema Ituri imejaa wahalifu. Uliza kwanza: wangapi wamekwisha kuhukumiwa?

Sehemu kubwa ni mahabusu wanaongojea kesi. Katiba ya 2006 inawapa polisi saa 48 tu za kumshikilia mtu. Hati ya kukamata ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hudumu siku 5. Jaji akikubali huongeza siku 15, kisha mwezi mmoja, na mwingine tena. Miezi hiyo inayorefushwa ndiyo inayojaza vyumba. Hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Ituri Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa mahakama za kijeshi, zenye majaji wachache, na foleni ikazidi.

Karibu wote ni wanaume. Wanawake ni wachache, kama ilivyo duniani kote, ila mama anayenyonyesha huingia na mtoto wake. Mtoto huyo hana kosa wala hahesabiwi kuwa mfungwa, lakini anataka uji, sabuni na chanjo ya surua.

Kuhusu umri, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iko wazi: aliye chini ya miaka 14 hashtakiwi, na aliyetimiza 14 ila hajafikisha 18 ni wa mahakama ya watoto. Tatizo ni karatasi za kuthibitisha umri. Familia iliyokimbia Djugu usiku haikubeba cheti cha kuzaliwa. Basi leteni kadi ya ubatizo, kadi ya chanjo, hata ripoti ya shule.

Walio ndani wanatoka Irumu, Djugu, Mahagi, Aru, Mambasa na Bunia mjini. Umbali si jambo dogo, maana wengi hutegemea sufuria ya bugali na sombe kutoka kwa ndugu. Wa mbali kama Aru, nani atamletea? Hesabu ya makabila hatuichapishi hapa kwa makusudi. Katika Ituri, hesabu ya namna hiyo hugeuka silaha.

Ukiwa na ndugu ndani, uliza kwenye ofisi ya gereza aliingia lini, kwa hati gani, na hati hiyo inakwisha lini. Ikiwa imepitwa na tarehe, mwone wakili leo.