MCHEZO WA NYIMBO HUTENGENEZWAJE?



Katika mji wa New York, nchini Marekani, iko njia kuu iitwayo Broadway, na karibu nayo yapo majumba ya michezo yapatayo 40. Katika mengi ya majumba hayo huchezwa michezo ambayo hadithi yake huelezwa kwa mazungumzo, nyimbo na dansi. Hapa nitaiita michezo ya nyimbo. Mmojawapo ni The Lion King, ulioanza Broadway mwaka 1997, na ndani yake Simba na Rafiki huitwa kwa maneno haya haya ya Kiswahili chetu. Watazamaji hukaa saa mbili na nusu hivi, hupiga makofi, kisha huenda zao. Kazi iliyotangulia hawaioni.

Tarehe 6 Februari 2012, televisheni ya NBC ya huko Marekani ilianza kuionyesha kazi hiyo katika mchezo wa mfululizo uitwao Smash. Wapenzi wa jukwaa waliungoja kwa hamu kubwa. Steven Spielberg, bingwa wa sinema, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, na nyimbo mpya zilitungwa na Marc Shaiman na Scott Wittman, wale wale waliotunga nyimbo za Hairspray. Siku ya kwanza watazamaji walizidi milioni 11. Na tuzitazame hatua za kazi kama zinavyoonyeshwa humo.

Kwanza ni wazo. Julia, mtunga maneno, na Tom, mtunga muziki, wanakusudia kutunga mchezo juu ya maisha ya Marilyn Monroe, mwigizaji wa sinema aliyefariki mwaka 1962. Mchezo wao unaitwa Bombshell.

Pili ni fedha. Mama mmoja, Eileen, anahangaika kutafuta watu wa kutoa mali zao, maana jukwaa, mavazi, taa na mishahara havipatikani bure.

Tatu ni kuwachagua waigizaji. Kila mmoja huimba na kucheza mbele ya mwongozaji, naye hupima.

Nne ni mazoezi ya kujaribia. Mchezo huchezwa mbele ya wageni wachache, pasipo mapambo mengi, ili watungaji waone mahali unapochosha. Wimbo usiofaa hutolewa, hata kama mtunzi aliupenda sana.

Tano ni kuupeleka mchezo katika mji mwingine. Bombshell unapelekwa Boston. Huko hupimwa mbele ya watu waliolipa viingilio, hutengenezwa tena, ndipo urudi Broadway.

Sasa nitaeleza jambo lililonifanya niandike somo hili. Katika Smash wasichana wawili, Ivy na Karen, wanaitaka nafasi moja, ile ya Marilyn. Ivy anaipata kwa ajili ya mazoezi ya kujaribia. Halafu ananyang'anywa, akapewa mwigizaji maarufu wa sinema ili jina lake livute watu. Ivy anarudi kuimba nyuma pamoja na wenzake. Huko Boston yule mwigizaji maarufu anaondoka ghafula, na nafasi inakwenda kwa Karen, siyo kwa Ivy. Lakini katika sehemu ya pili, iliyoonyeshwa mwaka 2013, Ivy ndiye anayecheza Marilyn hapo Broadway, na anapata tuzo kubwa. Kama angaliacha kuja kazini siku ile aliyonyang'anywa, asingaliyaona hayo.

Pengine mtu atasema kwamba hiyo ni hadithi tu. Basi na tuchukue habari ya kweli. Mwaka 1954, katika mchezo wa The Pajama Game, Shirley MacLaine alikuwa miongoni mwa wachezaji wa nyuma, tena mwigizaji wa akiba wa Carol Haney. Haney aliumia kifundo cha mguu, MacLaine akaingia mahali pake. Mtengenezaji wa sinema aitwaye Hal Wallis alimwona, akampa mkataba, na mwaka uliofuata alikwisha onekana katika sinema. Tena, mwaka 1975 ulianza Broadway mchezo wa A Chorus Line, ambao habari zake zote ni za wachezaji wa nyuma. Ulichezwa mara 6,137 hata mwaka 1990.

Nayanena haya kwa sababu chama chetu cha michezo ya kuigiza kinajitayarisha kwa mahafali. Nafasi zilipogawanywa, wengi waliokosa nafasi kubwa hawakuonekana tena mazoezini. Wimbo uliopangiwa sauti nne sasa unaimbwa kwa sauti mbili, na yule aliyepewa nafasi ya mfalme anatoa amri kwa raia watatu. Watu watatu si taifa! Hakika mfalme huyo hawezi kupendeza, hata awe hodari namna gani. Sisi wa kidato cha nne tutaondoka, wala hatutakuwapo mwakani. Ninyi mtakaobaki, kama mmezoea kukimbia kila mnapokosa nafasi ya mbele, mtamrithisha nani chama hiki? Na wazazi wetu wakija siku ile, nawaomba wasiwaulize watoto wao, "Ulikuwa mfalme?" tu, bali pia, "Sauti yako ilikuwa ipi?"

Neno la mwisho ni juu ya sifa. Smash ulianza kwa shangwe, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watazamaji walipungua, na sehemu ya pili ilipoanza hawakufika milioni 5. Mwezi Mei 2013 ulikoma. Hata hivyo nyimbo zake hazikusahauliwa. Mwaka 2025 Smash wenyewe ulifanywa mchezo wa jukwaani hapo Broadway, ukachezwa tangu Aprili hata Juni. Shangwe za siku ya kwanza huleta watu mlangoni. Kinachowafanya warudi ni kazi ya wote waliomo ndani.

Maswali:
1. Taja hatua tano za kutengeneza mchezo wa nyimbo.
2. Kwa nini mchezo hupelekwa mji mwingine kabla ya Broadway?
3. Mwigizaji wa akiba ana kazi gani siku ambayo haitwi jukwaani?
4. Mazoezi ni kila Jumatano baada ya masomo. Je, utakuja?