Daftari la Maji Liko kwa Nani? Mambo ya Kufanya na Kutofanya Mwambao wa Tanganyika

Haya yanawahusu wote wanaoishi kwa ziwa hili, kuanzia Kagunga mpakani na Burundi hadi vijiji vya Uvinza upande wa kusini: wenyeviti wa vijiji, wavuvi, akina mama wa mwaloni, na wageni wanaokuja na magari ya miradi. Kigoma ina dagaa, ina migebuka, ina mawese, ina maharage ya Kasulu. Pamoja na hayo yote, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa mkoa huu walio chini ya miaka 5, zaidi ya 40 walikuwa wamedumaa. Chakula kipo na maji yapo. Anayeyabeba kichwani ndiye asiyeulizwa.

Usinywe maji ya ziwa kwa sababu yanang'aa. Utaambiwa wazee walikunywa na hawakufa. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Walikunywa ziwa lilelile walilojisaidia kandokando yake. Kipindupindu kikazuka. Wagonjwa walipindukia 3,000 na watu zaidi ya 30 wakafa, huku meli ya MV Liemba ikiwasomba wengine kuwaleta Kigoma mjini. Kina cha ziwa ni mita 1,470, lakini kina hicho hakisafishi ukingo. Pale unapotumbukiza ndoo ndipo panapofuliwa nguo, panapoogwa na panapooshwa samaki.

Chemsha mpaka yatokote. Yafunike yapoe, kisha yamimine kwenye ndoo yenye koki au dumu la mdomo mwembamba, na asiwepo wa kuchovya kikombe. Kuni zikikosekana, tumia vidonge vya kutakasa maji. Mtoto asiyetimiza miezi 6 hahitaji hata tone, anyonye tu.

Mpeni mwanamke daftari, ufunguo na sahihi, vyote vitatu. Hapa ndipo vijiji vingi vinapodanganya, na hapa sitasema kwa upole. Chombo cha maji cha kijiji kinaundwa, wanawake wanawekwa humo ili idadi itimie, mmoja anaitwa mhazini. Kisha daftari la makusanyo linalala kwa mwenyekiti, ufunguo wa pampu uko mfukoni mwa kijana wake, na yule mama anaitwa siku ya kupiga picha na wageni. Bomba likikatika, yeye ndiye anayerudi ziwani na ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni. Tangu Sheria ya Usambazaji wa Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, vyombo hivi si hisani ya mtu. Vinasajiliwa, vinakusanya fedha za watu na vinadaiwa hesabu. Mhazini asiyeliona daftari si mhazini. Aseme hivyo mbele ya watu, na wanaume wenye haki wamuunge mkono papo hapo, si baadaye njiani wakirudi nyumbani.

Msiitishe mkutano alfajiri au jioni. Mitumbwi ya dagaa huingia kunapopambazuka, na mama anatandaza samaki mpaka jua lipande. Jioni anakusanya, anachota maji, anapika. Saa nane mchana ana nafasi. Na kama mnataka wavuvi na wake zao wakae pamoja, chagueni siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mwezi ukiwaka mitumbwi mingi hulala. Mwenyekiti wa mwambao asiyehesabu mwezi anapopanga kikao hajui anaongoza watu gani.

Usiseme mila haimruhusu mwanamke kutawala. Usiseme hivyo hasa hapa Buha, nchi ya Waha. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, Kasulu, kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963. Waliomtii walikuwa babu zako. Sheria nayo iko wazi: Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao angalau wawe wanawake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu 7, wanawake wasipungue 3. Hicho ni kiwango cha chini. Kijiji kinachoishia hapo na kujipongeza hakijafanya kitu.

Anika dagaa juu ya kichanja. Simama mwaloni Kibirizi asubuhi uangalie. Dagaa wanamwagwa kutoka kwenye beseni wakiwa bado wanameta. Mama anawatandaza mchangani kwa viganja, akiinama, akisogea hatua moja moja, na kuku wanapita katikati yao. Mvua ya ghafla ikishuka mchana, wanaloa na mchanga, wananuka, na mtaji alioukopa umekwisha. Jirani yake ana kichanja cha miti na wavu, kimo cha kiuno. Wingu likitanda anavuta turubai, basi. Dagaa wake hawana mchanga, wanakauka juu na chini kwa sababu upepo unapita, na anawauza kwa bei nzuri zaidi. Tofauti ya wanawake hawa wawili ni miti, wavu na turubai.

Kwa hiyo dai mkopo wa halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri imetengwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kichanja ni jambo la kuombea fedha hizo kabla ya vitenge vya sare.

Usimpe mtoto uji wa muhogo mtupu. Unashibisha, haujengi. Saga dagaa wakavu, tia kijiko kwenye uji, ongeza mawese kidogo au karanga. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo hubeba kalsiamu na madini ya chuma mengi kuliko mnofu mtupu. Na wewe baba, acha desturi ya kutengewa mgebuka mzima huku watoto wakichovya ugali kwenye mchuzi. Mgawanyo wa samaki kwenye sahani unaanzia kwako. Mama mjamzito ale kabla yako.

Usiunguze mawese mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, na ukiupika mpaka ukatoweka umetupa dawa ya macho ya mtoto.

Usifupishe siku za kuloweka muhogo mchungu. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, njaa na haraka vilifanya watu wale muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Wakapata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hauponi. Menya, loweka mpaka ulainike, anika juani ukauke vizuri. Kuloweka kunataka maji mengi, na hapo ndipo bomba la kijiji linapoingia jikoni: maji yakiwa mbali, anayeyabeba ataiba siku moja ya kuloweka. Ukimlaumu yeye umelaumu mtu asiyehusika.

Msigeuze shamba lote kuwa michikichi. Tangu mwaka 2018 serikali imelisukuma zao hili upya, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinatoa mbegu bora ya Tenera. Vema. Lakini mchikichi mpya hukaa miaka kadhaa bila kuzaa, na watoto wanakula leo. Acheni sehemu ya maharage, mboga na muhogo, na mama ndiye aseme ukubwa wake. Mkipata hati ya hakimiliki ya kimila, andikeni majina mawili, la mume na la mke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Chandarua ni cha mtoto, si cha kuvulia. Chumvi iwe yenye madini joto. Matone ya vitamini A, Juni na Desemba, usiyakose.

Nanyi mnaoleta miradi: msiwaachie wanakijiji pampu ambayo kipuri chake hakipatikani Kigoma. Msifunze mafundi wanaume watupu, kwa maana kijana fundi atakwenda kuvua na pampu itabaki imekufa. Fundisheni wanawake wawili wanaokaa kijijini, muwape spana zao wenyewe. Msiwahesabu wanawake waliohudhuria semina mkaiita taarifa. Hesabuni waliobadilisha uamuzi wa kikao.

Mkutano Mkuu wa Kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema humo. Utakaofuata, nenda. Nyoosha mkono, uliza daftari la maji liko kwa nani, na usikae chini mpaka lifunguliwe mezani.