Kabla ya Kuongeza Kuku, Pima Biashara Yako

Mwenye kuku 100 hutamani kufikisha 200, na mwenye 200 hutamani 400. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, biashara isiyolipa ikiwa ndogo haitalipa kwa sababu tu imekuwa kubwa, na mara nyingi mkopo wa kuipanua ndio unaoimaliza. Katika somo hili tutajifunza namna ya kutathmini biashara ndogo na kupanga ukuaji wake. Tutatumia mfano wa kuku wa mayai, mradi unaofahamika na vikundi vingi. Bei zilizotumika ni za mfano tu. Weka bei za soko la kwenu.

Hatua ya 1: Andika kila kitu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda wa mwezi 1, andika kila siku mayai yaliyookotwa, yaliyouzwa, yaliyokopeshwa, yaliyovunjika na yaliyoliwa nyumbani. Mayai yanayoliwa nyumbani yaandikwe kwa bei ya kuuzia, kwani nayo ni mapato ya mradi. Andika pia kila shilingi inayotoka, hata nauli ya kwenda kununua chakula.

Hatua ya 2: Tafuta faida halisi

Tuchukue mfugaji mwenye kuku 200. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 200 watakula kilo 24 kwa siku, yaani kilo 720 kwa mwezi. Tuseme mfuko wa kilo 50 unauzwa shilingi 60,000, na kuku hao wanataga mayai 150 kwa siku, sawa na trei 5.

- Mauzo ya mwezi: trei 150 kwa shilingi 8,000 = 1,200,000
- Chakula: 864,000
- Chanjo, dawa, maranda, umeme na usafiri: 96,000
- Kinachobaki: 240,000

Wengi huishia hapo na kusema, "Napata faida ya 240,000." Lakini kuna gharama 2 ambazo hazijaonekana.

Ya kwanza ni kuku wenyewe. Baada ya kutaga kwa mwaka mmoja na nusu hivi, utagaji hupungua na ni lazima kuleta wengine. Ikiwa kukuza kuku 200 tangu vifaranga hadi kutaga hugharimu 3,000,000, na kuku wazee watauzwa kwa jumla ya 1,200,000, pengo ni 1,800,000. Ukiligawa kwa miezi 18, unapaswa kuweka akiba ya 100,000 kila mwezi.

Ya pili ni nguvu kazi. Kama mama, baba au kijana wa nyumbani ndiye anayelisha na kusafisha banda, jiulize ungemlipa kibarua kiasi gani. Tuseme 80,000.

Faida halisi basi ni 60,000 tu. Mfugaji anayetumia zile 240,000 zote anakula mtaji wake polepole, na atagundua siku kuku watakapozeeka bila fedha ya kununua vifaranga.

Hatua ya 3: Pima uimara

Bei ya chakula ikipanda kwa shilingi 5,000 tu kwa mfuko, gharama huongezeka kwa 72,000 kwa mwezi. Ile faida ya 60,000 inageuka kuwa hasara ya 12,000. Fanya hesabu kama hiyo pia kwa bei ya mayai kushuka.

Hatua ya 4: Ziba panapovuja

Je, chakula kinamwagika? Usijaze chombo zaidi ya nusu, na kiinue hadi usawa wa mgongo wa kuku. Ukiokoa asilimia 5 ya chakula, utabakiwa na 43,200 kwa mwezi. Je, maji safi yapo mchana kutwa? Chanjo ya mdondo imetolewa kwa wakati? Utagaji ukipanda kutoka mayai 150 hadi 160 kwa siku, utapata trei 10 zaidi kwa mwezi, yaani 80,000. Jumla ni 123,200, bila kuongeza kuku hata mmoja.

Hatua ya 5: Panga ukuaji

Sasa linganisha na mkopo wa 3,000,000 wa kuongeza kuku 200. Ukirejeshwa kwa miezi 12, hata bila riba, ni 250,000 kila mwezi. Vifaranga hao watakula kwa karibu miezi 5 kabla ya kutaga yai la kwanza, na bado hujajenga banda. Marejesho yatatoka wapi?

Ongeza kuku pale tu utakapoweza kujibu "ndiyo" kwa mambo haya:

1. Faida halisi imeonekana kwa miezi 3 mfululizo.
2. Akiba ya kununua kuku wapya ipo na haijaguswa.
3. Wapo wateja wanaokosa mayai kwako. Kuku 400 watahitaji soko la trei 10 kwa siku.
4. Lipo banda la kulelea vifaranga mbali na kuku wakubwa, ili kuepusha magonjwa.

Anza na vifaranga 100, kuku wa kwanza wakiwa wamefikisha mwaka mmoja hivi. Kwa njia hiyo wapya wataanza kutaga wakati wa zamani wanapokaribia kupungua, na fedha haitakatika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mradi wenu, ni kitu gani huchakaa au kuzeeka? Je, mnaweka akiba ya kukibadilisha?
2. Nani hufanya kazi bila kuhesabiwa malipo?
3. Mngepata 500,000 leo, mngeziba wapi kabla ya kupanua?