Hesabu ya Maji ya Paa

Ndugu mkulima, mtoto akirudi kutoka shule na hesabu ya maji ya paa, usimwambie kwamba hayo ni mambo ya mwalimu. Hesabu hiyo ni yako pia. Huku kwetu Kitui na Makueni mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mwenye tangi lisilotosha hurudi upesi kuchimba maji katika mchanga wa Tiva au Thwake.

Swali laweza kuwa hivi: Paa la mabati limefunika mahali penye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Imenyesha mvua ya milimita 25. Je, ni lita ngapi zimeanguka juu ya paa?

Kwanza mtoto asome swali mara mbili, kisha akueleze kwa maneno yake, hata kwa Kikamba, anaulizwa nini. Wengi hukosea hapa hapa, wakajumlisha 8 na 5. Mpeleke nje, mchore mstatili ardhini kwa kijiti. Upana hupimwa chini, toka ukingo mmoja wa paa mpaka wa pili, wala si kwa kufuata mteremko wa bati. Mvua haijui kwamba bati limeinama. Basi 8 mara 5 ni 40, yaani mita za mraba 40.

Hatua ya pili ndiyo yenye fumbo. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Maji yakisimama juu yake kwa kimo cha milimita 1, ambayo ni sehemu ya kumi ya sentimita, yatakuwa sentimita za ujazo 1,000. Hiyo ni lita 1 kamili. Kwa hiyo mvua ya milimita 25 huleta lita 25 katika kila mita ya mraba, na 40 mara 25 ni lita 1,000.

Nilipokuwa nikifundisha nilizoea kutazama jibu la mwisho tu. Mtoto aliyeandika 10,000 nilimkata alama zote, na kumbe njia yake ilikuwa sawa, amezidisha sufuri moja tu. Nilifanya vibaya. Afadhali ningemwambia agawanye kwa mtungi wa lita 20: mitungi 500 kwa mvua moja, juu ya nyumba ndogo? Angejiona mwenyewe. Jibu la haki ni mitungi 50. (Mzee aliyezoea debe la galani 4 akumbuke kwamba hilo ni lita 18 hivi.)

Kitabu huishia hapo, lakini maji mengine huruka nje na mengine huvuja kwenye mfereji. Tuseme sehemu ya tano imepotea. Zimebaki lita 800, mitungi 40. Nyumba inayotumia mitungi 4 kwa siku imepata maji ya siku 10.

Je, tangi lako ni la lita 500? Basi lita 300, mitungi 15, zimemwagika uani. Mwache mtoto aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa vipimo vya paa lenu na tangi lenu, kabla mvua ya Oktoba haijafika.