Tumeokolewa kwa Imani: Basi, Tuishi Namna Gani?

Somo la kujifunza katika vikundi vya maombi na katika jamaa
Masomo ya kusoma mbele: 2 Wafalme 5:1-27, Waefeso 2:1-10, Yakobo 2:14-26

 

Sisi mashemasi, tunapotembelea waamini nyumba kwa nyumba, tunasikia maneno mawili yanayopingana. Wa kwanza anasema: "Mimi nimekwisha kuokoka kwa imani. Matendo yangu si kitu, Mungu anaangalia moyo." Wa pili anasema: "Bila sadaka kubwa, bila kufunga siku nyingi, bila vazi jeupe, Mungu hawezi kunisikia." Wa kwanza anaimba vizuri siku ya Mungu, lakini mke wake na watoto wake wanalala njaa. Wa pili anauza cherehani yake, kifaa kinachomlisha, kusudi alipe mtu aliyemwahidi baraka.

Hawa wawili wanafanana na watu waliopotea njia moja, mmoja upande wa kushoto, mwingine upande wa kuume. Na machozi yanayotokana na makosa haya tunayaona kwa macho yetu. Kwa hiyo ni vema tufungue Maandiko pamoja na kujiuliza: tunaokolewa kwa nini? Na tukiisha kuokolewa, tuishi namna gani?

1. NAAMANI ALITAKA KULIPA

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa, lakini alikuwa na ukoma. Alisafiri mpaka Israeli na mzigo wa talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Tuone jambo hili: alikuja na bei mkononi. Alifikiri kwamba mtu wa Mungu anauza uponyaji.

Nabii Elisha hakutoka hata nje kumwamkia. Alimtuma mtu tu amwambie aende kujiosha mara 7 katika Yordani. Naamani alikasirika, kwa maana mito ya kwao Dameski ilikuwa mizuri zaidi. Na kweli, maji ya Yordani hayakuwa na nguvu yoyote ndani yake. Kama maji ndiyo yaliyoponya, wakoma wote wa Israeli wangalipona, nao walikuwa wengi. Bwana Yesu mwenyewe alilikumbusha neno hilo katika Luka 4:27. Aliyeponya ni Mungu, na Naamani alipokea kwa kuamini neno na kulitii.

Sisi tunaoombea watu kwa maji tunapaswa kushika sana fundisho hili. Maji ni alama. Vazi jeupe ni alama. Mwenye kuokoa ni Yesu Kristo peke yake. Vazi linaweza kufuliwa kila juma na moyo ukabaki mchafu.

Naamani alipopona alirudi na zawadi yake, na Elisha akaikataa kabisa. Lakini Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia njiani na kumdanganya. Aliomba talanta 1, akapewa 2, pamoja na mavazi 2. Mwisho wake mnaujua: ukoma wa Naamani ulimshika yeye. Kwa nini adhabu kali namna hiyo? Kwa sababu Gehazi alimfundisha mtu mgeni katika imani kwamba neema ya Mungu ina bei.

Jambo hili halikwisha na Gehazi. Huko Ujerumani, mwaka 1517, kulikuwa na watu waliozunguka wakiuza hati za msamaha, na sehemu ya fedha ilitumwa Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro. Martin Luther alisimama kuyapinga. Mabishano yaliyofuata yaligawanya wakristo kwa karne nyingi. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko moja: kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika Kristo, si kwa stahili yake; na kwamba matendo mema yanafuata kama matunda. Basi sisi tusirudi kuuza kile ambacho wengine wamekwisha kukubali kwamba hakiuzwi.

Tunasema wazi: sadaka ni shukrani. Mtoaji asiihesabu kama malipo ya uponyaji, na mwombeaji asiidai. Ukiambiwa kwamba maombi yako hayatafika mpaka uongeze kiasi fulani, ujue kwamba Gehazi ndiye anayesema nawe.

2. PAULO ANAJIBU ULIZO MOJA, YAKOBO ANAJIBU JINGINE

Wengine wanasema kwamba Paulo na Yakobo wanapingana. Paulo anafundisha katika Waefeso 2:8-9 kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu tunayoipokea kwa imani, na hakuna awezaye kujisifu. Yakobo naye anafundisha kwamba imani bila matendo ni maiti. Nani ana haki?

Tumwangalie Abrahamu, kwa maana wote wawili wanamtaja yeye. Paulo, katika Warumi 4, anafungua Mwanzo 15. Pale Abrahamu hana mtoto. Mungu anamwonyesha nyota na kumpa ahadi. Abrahamu anaamini, na Mungu anamhesabia haki. Tohara inakuja nyuma, katika sura ya 17. Maana yake, Abrahamu alikubaliwa mbele hajafanya lolote.

Yakobo anafungua Mwanzo 22. Sasa Isaka amezaliwa, tena amekwisha kuwa kijana wa kubeba kuni. Miaka mingi imepita. Mungu anamjaribu Abrahamu, na Abrahamu anatii. Imani ile ya sura ya 15 imeonekana katika sura ya 22 kwamba ni hai.

Basi Paulo anamjibu mtu anayeuliza: "Nitaingia kwa mlango gani?" Yakobo anamjibu mtu aliyekwisha kuingia, anayejilaza na kusema: "Inatosha." Na Paulo mwenyewe hakuishia kwenye mstari wa 9. Katika mstari wa 10 anasema kwamba tumeumbwa upya katika Kristo kwa ajili ya matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza mbele kwa ajili yetu. Msomaji anayefunga Biblia mbele ya kufika mstari wa 10 amesoma nusu ya barua.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtoto anapoamka asubuhi, anafagia kiwanja na kuteka maji. Je, anafagia kusudi awe mtoto wa nyumba ile? Hapana. Ni mtoto toka siku aliyozaliwa, mbele hajajua hata ufagio ni nini. Anafagia kwa sababu ni mtoto. Mfanyakazi wa mshahara akikosa kazi, anafukuzwa. Mtoto akikosa, anakemewa, anafundishwa, lakini sahani yake inabaki mezani. Lakini mtoto anayekataa kila kazi, anayemtukana baba na kuwapiga wadogo zake, hata majirani watauliza: huyu ni wa nyumba hii kweli?

Au tutazame mwembe. Hakuna mtu anayefunga maembe kwa kamba juu ya mti mkavu kusudi mti upate uhai. Mti ulio hai unazaa wenyewe, wakati wake ukifika. Anayetenda mema kusudi anunue wokovu anafunga maembe kwa kamba: yanapendeza siku mbili, ya tatu yanaoza. Na anayesema ana imani bila tunda lolote, mwaka baada ya mwaka, aende kuchimba na kutazama kama mizizi iko.

Katika Matendo 16 kuna mlinzi wa gereza la Filipi. Aliuliza afanye nini apate kuokoka, akaambiwa amwamini Bwana Yesu. Alipoamini, saa ile ile ya usiku, aliwaosha Paulo na Sila majeraha ya mapigo, akawaandalia chakula nyumbani mwake. Imani ilikuja kwanza. Lakini haikungoja hata kuche.

3. USHUHUDA WA INCHI YETU

Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe Kinsuka karibu na Nkamba, katika Kongo ya Chini, Papa Simon Kimbangu, aliyebatizwa na Wabaptisti mwaka 1915, alimwombea mama mmoja mgonjwa, naye akasimama. Watu wengi walimiminika Nkamba. Katika mafundisho yake aliwaambia waache minkisi, waache ndoa ya wake wengi, waache ngoma za uchafu. Na watu walizitupa zile hirizi walizokuwa wamezitegemea toka kwa babu zao.

Tutafakari neno hilo. Hirizi ilikuwa kinga ya nyumba, ya shamba, ya mtoto mchanga. Kuitupa ni kubaki mikono mitupu mbele ya hofu zote. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa maneno matupu. Aliyeitupa alionyesha kwamba sasa anamtegemea mwingine. Hiyo ndiyo imani yenye matendo.

Leta ya Wabelgiji iliogopa. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la kijeshi huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, lilimhukumu auawe, na kabla ya hapo apigwe fimbo 120. Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi, akafa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Alihubiri miezi michache, akafungwa miaka 30. Mke wake, Mama Marie Muilu, alibaki akiwashika waamini kwa siri, wakati wengi walipohamishwa mbali na kwao.

Kanisa la Kimbangu linajulikana kwa maneno matatu ya Kilingala: bolingo, mibeko, misala, ndiyo kusema upendo, amri na kazi. Tuangalie mpango wa maneno hayo. Upendo unatangulia. Anayeweka kazi mbele ya upendo anakuwa mtumwa. Anayeweka upendo na kuondoa kazi anakuwa mwongo.

4. IMANI NYUMBANI, SOKONI NA KAZINI

Sasa tushuke kwenye maisha yetu, kwa sababu fundisho linalobaki kanisani linafanana na mbegu iliyobaki gunialani.

Nyumbani. Katika miji yetu watoto wengi wamefukuzwa na kulala barabarani kwa sababu walishtakiwa uchawi. Baba amepoteza kazi, mtoto wa ndugu aliyefiwa anaonyeshwa kidole. Na mara nyingine anayeonyesha ni mtu anayejiita nabii. Ndugu, kama tunaamini kwamba Kristo ameshinda giza, kwa nini tunamwogopa mtoto wa miaka saba? Yule aliyetupa hirizi na baadaye akamtupa mtoto, hofu yake ni ile ile, imebadili nguo tu. Hata sheria ya inchi imekataza: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo inaweka adhabu ya kifungo kwa anayemshtaki mtoto uchawi. Ni haya kwetu kama Leta inawalinda watoto kuliko kanisa.

Vilevile mjane. Mume akiisha kuzikwa, ndugu wanakuja kubeba viti, kitanda, hata sufuria. Wengine wamevaa nguo nyeupe wakati wa kubeba. Yakobo 1:27 inaonyesha kwamba ibada safi ni kuwatunza yatima na wajane katika shida yao.

Kwa mgonjwa. Maombi na dawa havigombani. Tumwombee mgonjwa, kisha tumpeleke hospitali, na tuchange fedha kwa deni lake. Kumwambia ashibe na apone bila kumpa kitu, Yakobo amekwisha kutuonyesha faida yake ni nini.

Sokoni. Mama anayeuza unga atazame kopo lake la kupimia. Kama kitako chake kimegongwa kuingia ndani, kila mnunuzi anaibiwa kidogo. Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara 4. Hakurudisha kusudi Yesu aingie. Yesu alikuwa amekwisha kuingia.

Kazini. Anayekaa bironi na kushika karatasi ya mtu mpaka apewe fedha chini ya meza, ajue kwamba naye ni Gehazi, ingawa si mtumishi wa nabii.

5. NENO LA MWISHO

Labda mmoja wenu anasoma haya na moyo unamchoma: "Mimi sina tunda." Usikimbilie kununua maembe ya kufunga kwa kamba. Rudi kwenye mzizi. Mwendee Kristo jinsi ulivyo, kama yule mnyang'anyi msalabani, ambaye hakuwa na mkono wala mguu huru wa kutenda lolote, lakini aliamini na kukubaliwa. Kisha inuka, na tendo lililo karibu nawe ulitende leo: mrudishe mtoto nyumbani, mrudishie mjane sufuria yake, nyoosha kitako cha kopo.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Elisha alikataa zawadi ya Naamani? Kosa la Gehazi linaonekana namna gani katikati yetu?
2. Kuna tofauti gani kati ya Mwanzo 15 na Mwanzo 22 katika maisha ya Abrahamu?
3. Katika kikundi chetu kuna mtoto aliyefukuzwa, mjane aliyenyang'anywa, au mgonjwa mwenye deni? Nani kati yetu atakwenda kwake juma hili, na siku gani?

Tunawaomba viongozi wa vikundi wasimalize somo mbele ya kupata jibu la ulizo la tatu.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.