Somo kwa Vyama vya Msingi: Siagi ya Denmark na Kahawa ya Meru

Katika mikutano ya vyama husikika mara kwa mara usemi kwamba bidhaa za Ulaya hushinda sokoni kwa sababu Wazungu wana fedha nyingi na mitambo mikubwa. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mtambo hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Lililo gumu zaidi ni kuwa na watu wanaoujua mtambo huo, wanaopima kazi yake kila siku, na ambao kipimo chao hukubaliwa na wanachama wote hata kinapomuumiza mmoja wao. Somo hili linaeleza jinsi wakulima wa nchi moja ndogo ya Ulaya walivyolinda soko lao kwa njia hiyo, kisha linautazama mlango wa ghala la chama cha msingi hapa kwetu.

Katika miaka ya 1870 wakulima wa Denmark walikuwa katika dhiki. Tegemeo lao kubwa lilikuwa kuuza nafaka nchi za nje, hasa Uingereza. Reli na meli za mvuke zikaanza kuleta Ulaya ngano ya Amerika kwa bei ambayo Mdenmark hakuweza kushindana nayo. Wengine wangeomba serikali izuie nafaka ya kigeni, na nchi kadhaa za Ulaya zilifanya hivyo. Wadenmark waliigeuza nafaka kuwa chakula cha mifugo, wakaanza kuuza siagi na nyama ya nguruwe.

Hata hivyo kulikuwa na kikwazo. Siagi nzuri ilitoka katika mashamba makubwa ya mabwanyenye, yenye vyumba vya baridi na wafanyakazi waliofunzwa. Siagi ya mkulima mdogo mwenye ng'ombe watatu au wanne ilikusanywa na wachuuzi kutoka nyumba mbalimbali, ikachanganywa, ikauzwa kwa bei ya chini. Msomaji anayeijua biashara ya kahawa hana haja ya kuelezwa zaidi, maana mchanganyiko wa namna hiyo anaujua.

Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Sweden alitoa mashine ya kutenga krimu na maziwa kwa kuyazungusha kwa kasi, bila ya kungoja krimu ielee juu kwa saa nyingi. Mashine hiyo ilikuwa ghali kwa mkulima mmoja, na ilihitaji maziwa mengi kila siku ili ijilipe. Ndipo mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding magharibi ya Jutland, wakulima walipoungana kujenga kiwanda chao cha siagi. Kila mwanachama alijifunga kupeleka maziwa yake yote, na katika vyama vya aina hiyo ikawa desturi kupiga kura kwa vichwa vya watu, si kwa idadi ya ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya namna hiyo vilikuwa vimezidi 1,000.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi katika masomo ya ushirika, na mara nyingi huishia hapo, jambo ambalo ni la kusikitisha, kwa kuwa sehemu yenye faida kubwa kwa katibu wa chama ndiyo inayofuata.

Viwanda vingi vilianza kwa kulipa kwa uzito wa maziwa. Bila kukawia, ugomvi ukaingia. Mwenye maziwa mazito alilipwa sawa na mwenye maziwa mepesi, na sawa pia na yule aliyekuwa karibu mno na kisima. Mtaalamu N. J. Fjord, aliyeongoza maabara ya utafiti wa kilimo jijini Copenhagen tangu ilipoanzishwa mwaka 1883, alitengeneza chombo cha kupima krimu iliyomo katika sampuli ndogo ya maziwa ya kila mkulima. Kuanzia hapo chama kiliweza kulipa kwa krimu. Hapakuwa tena na faida ya kutia maji, na mkulima aliyelisha ng'ombe wake vizuri alilipwa jasho lake.

Kipimo hakikuishia mlangoni mwa kiwanda. Mwaka 1889 yalianza mashindano ya siagi ambayo kiwanda hakikupewa nafasi ya kujiandaa. Simu ya maandishi ilifika bila taarifa, ikitaka pipa la siagi lililo tayari siku hiyo lipelekwe Copenhagen kuamuliwa na waonjaji. Mwaka 1895, huko Vejen, wakulima walianzisha chama cha kuajiri kijana aliyefunzwa, mwenye kuzunguka kutoka zizi hadi zizi akipima maziwa ya kila ng'ombe, ili mkulima ajue ni yupi anayemla bure. Na mwaka 1901 viwanda vikakubaliana juu ya alama moja ya siagi yao, yenye picha ya pembe za kale za shaba ziitwazo lur. Mnunuzi wa London aliyeiona alama hiyo hakuhitaji kulifungua pipa. Viwanda vya maziwa vya Denmark vingali miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani, na kampuni kubwa kuliko zote katika hivyo, Arla, ingali mali ya wakulima wanachama.

Na sasa msomaji arejee kwenye miteremko ya Mlima Meru. Na ichukuliwe kwa mfano hali ya chama kimoja cha msingi, ambacho si lazima kitajwe jina, kwa kuwa hali yake ni ya vyama vingi. Wanachama wake wasio na mashine nyumbani humenya kahawa mbivu kwa mashine ya chama, kisha kila mmoja huvundika, huosha na kuanika nyumbani kwake. Kahawa ya maganda huletwa ghalani, karani huipima kwa mizani, na malipo ya awali hutolewa kwa kilo. Taarifa ya ubora ikarudi kwamba kahawa ya chama imeshuka daraja kwa makosa mawili: punje zilizokatwakatwa, na unyevu uliozidi.

Kosa la kwanza liliwapeleka mwenyekiti na katibu Kwa Mrombo, kusini ya jiji la Arusha, kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Hiyo ilikuwa safari yao ya nne kwa msimu ule. Mara tatu walikuwa wamepeleka sahani ya mashine ijazwe na kunolewa, na kila mara mashine iliendelea kukata punje. Safari hii fundi aliitazama sahani kwa kitambo, akawauliza ni nani anayeifunga mashine.

"Ni mlinzi wa ghala, mzee," akajibu katibu.

"Basi ndugu zangu, chuma hiki hakijachakaa. Nafasi kati ya sahani na kisu haikupimwa. Nikikijaza mara kumi mtarudi mara kumi."

Fundi aliwaonyesha jinsi ya kurekebisha nafasi hiyo kwa kupitisha punje chache, kuzitazama, na kukaza au kulegeza skrubu kidogo kidogo mpaka ganda litoke na punje ibaki nzima. Na kwamba ukubwa wa kahawa ukibadilika, katikati ya msimu na mwishoni, kazi hiyo hurudiwa. Hakuwadai fedha kwa maelezo hayo. Lakini nauli na gharama za safari tatu za kwanza zilikwisha kuingia katika hesabu za chama, na hakuna mwanachama aliyewahi kuziuliza, kwa sababu ziliandikwa "matengenezo".

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na hapa makatibu wanaombwa wafuate hesabu kwa kalamu. Mwanachama wa kwanza ameleta kilo 100 za kahawa ya maganda yenye unyevu wa asilimia 12. Ndani yake mna kilo 88 za kahawa kavu kabisa, na kilo 12 za maji. Mwanachama wa pili naye ameleta kilo 100, lakini unyevu ni asilimia 20, yaani kahawa kavu ni kilo 80 tu. Kahawa hiyo ya pili ikikaushwa mpaka ifikie asilimia 12, uzito wake utakuwa 80 kugawanywa kwa 0.88, ambayo ni karibu kilo 90.9. Mizani imewaona watu hawa kuwa sawa, lakini mwanachama wa pili amelipwa kilo 9.1 za maji. Ikiwa malipo ya awali ni shilingi 4,000 kwa kilo, maji hayo yamegharimu shilingi 36,400. Fedha hizo hazikutoka mbinguni, bali zimepunguzwa katika malipo ya pili ya wanachama wote, akiwemo yule aliyeanika kahawa yake ikakauka.

Hasara haiishii kwenye uzito. Kahawa mbichi iliyofungwa guniani hushika ukungu, na gunia moja huweza kuharibu harufu ya lundo zima. Baadhi ya ukungu hutoa sumu iitwayo okratoksini A. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipunguza kiwango cha juu cha sumu hiyo katika kahawa iliyokaangwa kutoka mikrogramu 5 hadi 3 kwa kilo. Mkaangaji wa Hamburg hawezi kuiondoa sumu hiyo kwa kuomba radhi, kwa hiyo hununua mahali ambapo anajua kahawa ilipimwa.

Bodi ya chama ikapendekeza kwenye mkutano mkuu kwamba sehemu ya ziada isigawanywe, bali kinunuliwe kipima unyevu, na kijana mmoja wa chama agharamiwe mafunzo ya kukitumia na ya kutunza mashine. Mjadala ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisimama akasema kuwa mizani ilikwisha kuwaibia tangu enzi za baba yake, na sasa inaletwa mizani ya pili yenye tarakimu ambazo mkulima hazielewi. Neno lake lilipigiwa makofi, na halikuwa neno la kijinga. Kipimo kilicho mikononi mwa mtu mmoja, kisichosomwa kwa sauti wala kukaguliwa na mwingine, kweli ni mlango wa wizi.

Baadaye akasimama mama mmoja mjane. "Mimi naanika siku kumi na nne," alisema, "na usiku naifunika isinyeshewe. Jirani yangu anaanika siku sita. Bei yetu ni moja. Siku nane zangu analipa nani?"

Azimio lilipita kwa majaribio ya msimu mmoja, pamoja na masharti ambayo kila katibu anaweza kuyaiga. Sampuli huchomolewa kwa bambo kutoka juu, katikati na chini ya gunia, mbele ya mwenye mali. Tarakimu husomwa kwa sauti na kuandikwa katika stakabadhi. Kahawa iliyozidi asilimia 12 hairudishwi kwa matusi, bali mwenyewe hupewa nafasi kwenye meza za kuanikia za chama. Kila wiki kipima unyevu hulinganishwa na kingine nje ya chama, na daftari la ulinganisho huwekwa wazi. Haikosi kusemwa pia kwamba baadhi ya wanachama hawakungoja: walipeleka kahawa yao mbichi kwa walanguzi wanaolipa papo kwa papo bila kupima kitu, na kilo za chama zikapungua msimu ule. Bodi yoyote inayofikiria hatua hii ijiandae kwa pengo hilo katika makisio yake, badala ya kulishangaa mwishoni mwa mwaka.

Kuhusu mahali pa kupata utaalamu, vyama vya Meru vina bahati ambayo vingi havina. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, nchi ambayo kijana hujifunza kazi kwa kugawa siku zake kati ya karakana na darasa. Shirika la TEMDO, la usanifu wa mitambo, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na CAMARTEC, la zana za kilimo na ufundi wa vijijini, mwaka 1981. Yote mawili yapo Arusha. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001, iko Lyamungu, ng'ambo ya Moshi, na ndiyo inayotoa miche inayostahimili chule buni na kutu ya majani. Milango hiyo haibishwi na mwanachama mmoja mmoja. Hubishwa na katibu mwenye barua, sampuli na tatizo lililoelezwa kwa tarakimu. Barua isemayo "mashine yetu ni mbovu" haimsaidii mhandisi. Isemayo "katika punje 100, punje 17 zimekatwa" humpa pa kuanzia.

Jambo jingine linahusu daftari la wanachama. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mazao yanayotokana na ukataji misitu inataka kahawa ijulikane ilikolimwa, kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta 4 hutosha kuonyeshwa kwa nukta moja. Lililozidi hapo huchorwa mipaka yake. Kuanza kwa sheria hiyo kumeahirishwa zaidi ya mara moja, na baadhi ya makatibu wamelichukua hilo kuwa ruhusa ya kulala. Mashamba ya Meru ni madogo, na simu ya mkononi ya kawaida yaweza kutoa nukta hiyo. Kazi yenyewe ni kutembea kutoka kihamba hadi kihamba na kuandika bila kosa, na chama chenye wanachama 300 hakiimalizi katika juma la mwisho.

Maswali kwa vikundi vya kujisomea

1. Katika msimu uliopita, chama chenu kilitumia kiasi gani kwa "matengenezo"? Ni safari ngapi zilikuwa za kosa lile lile?

2. Mwanachama ameleta kilo 250 za kahawa ya maganda yenye unyevu wa asilimia 18. Itakuwa kilo ngapi ikifikia asilimia 12?

3. Mzee aliyepinga kipima unyevu alikuwa na hofu ya haki. Je, masharti ya chama kile yanatosha kuiondoa? Kama hayatoshi, yaongezwe yapi?

4. Ikiwa asubuhi ya leo ingefika simu inayotaka gunia moja kutoka ghalani kwenu, lile lililo karibu na mlango, lipelekwe likaonjwe, je, katibu angelala usingizi usiku wa leo?